Ukuta wa Mbele wa Fundi Munyoki

Baba yangu, Munyoki, alijenga nyumba za masetla kwa miaka kumi na sita na akazichukia zote. Kisha alipopata nafasi ya kutujengea sisi, akajenga ya setla. Naanza hapo makusudi, kwa sababu watu wa mtaa wetu wa Mbotela wakimsifu husema alikuwa fundi asiyekosea. Alikosea. Alikosea mara moja, na kosa lenyewe nusura litunyang'anye kiwanja cha mama.

Alizaliwa Mwala, akaja Nairobi mwaka wa arobaini na saba akiwa na miaka kumi na minane. Alianzia machimboni akichonga mawe kwa nyundo na tindo. Baadaye alichukuliwa na kampuni iliyokuwa ikiwajengea masetla Limuru, Karen na mpaka Naivasha. Msimamizi wao alikuwa Kalasinga mmoja mrefu, Bachan, ambaye akiona jiwe limekaa vibaya hakusema neno. Alilipiga teke tu, likaanguka pamoja na jasho la asubuhi nzima. Baba alimchukia Bachan mpaka kufa, lakini akawa anapiga teke mawe ya watu vilevile.

Jinsi masetla walivyojenga tulifundishwa sisi watoto kama wenzetu walivyofundishwa katekisimu. Baba alisema Wazungu wa kwanza hawakuja na nyumba yoyote. Walilala kwenye hema, kisha wakajengewa kwa fito na udongo, wakaezekewa nyasi zilizokatwa na kubebwa na wanawake wetu, kwa ufundi uleule wa vibanda vya kwetu. "Ila Mzungu akikaa kwenye udongo anaitwa jasiri," alisema, "na sisi tukikaa tunaitwa washenzi." Baadaye wakaleta mabati, wakainua nyumba juu ya nguzo za mawe kwa kuogopa mchwa na unyevu. Mabati yakawachoma mchana na kuwatetemesha usiku. Ndipo wakageukia jiwe, na jiwe ndilo lililomleta baba.

Ukuta wa setla, kwa maelezo yake, ulikuwa na nyuso mbili za mawe yaliyochongwa, moja ya nje na moja ya ndani, na katikati kifusi kilichoshindiliwa na chokaa. Unene wake inchi kumi na nane. Jua linapiga nje kutwa nzima, linachoka kabla ya kufika ndani. Juu viliwekwa vigae vilivyotoka Mangalore, India, kwa meli, chini mbao zilizopigwa nta, mbele veranda pana ya kunywea chai na kutazama shamba la watu wengine. Nyuma kabisa, mahali ambapo upepo haukuleta harufu zetu, kulikuwa na vibanda vya watumishi, na hivyo vilijengwa kwa mabaki.

"Sijapata kuona Mzungu ameshika mwiko," baba alikuwa akisema. "Alishika fimbo akionyesha. Nyumba ikiisha anapigwa picha amesimama mbele yake, na sisi tunaambiwa tusogee, tunaharibu picha."

Akisema hivyo mishipa ya shingo ilimsimama. Lakini akifika kwenye mawe ya pembe, jinsi refu linavyofuatwa na fupi mpaka juu bila timazi kucheza hata upana wa wembe, sauti ililainika. Sisi tulikuwa hatujaisikia sauti hiyo ikitumiwa kwetu.

Kampuni hiyohiyo ilijenga na safu za vyumba vya wafanyakazi huku Eastlands, na baba akapelekwa huko pia. Kwa hiyo safu tuliyoishi Mbotela aliijenga yeye mwenyewe kabla hatujajua kwamba tutakaa ndani yake. Chumba kimoja, watu sita. Ukuta wa kututenga na jirani ulikuwa wa jiwe moja jembamba, na haukufika kwenye paa. Juu yake palikuwa wazi. Mzee Phares Ochola, tarishi wa kanjo, yaani baraza la jiji, aliyekaa upande wa pili, alikuwa akikohoa kwake, mama anamwambia pole akiwa kitandani kwetu. Tulijua alichokula, naye alijua baba akitugombeza kwa nini.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilimwuliza baba, "Wewe ndiye uliyejenga ukuta huu. Mbona hukuufikisha juu?"

Alinizaba kofi. "Niliambiwa mistari kumi na miwili ya mawe," alisema. "Nikajenga kumi na miwili."

Upande wa pili Mzee Phares alikohoa kidogo, kama mtu anayetaka ijulikane kwamba hakusikia kitu.

Basi mwaka wa sabini na nane, mwanzoni, jina la mama lilitoka. Mama yangu, Mbeti, alikuwa akiuza ndengu na mbaazi Makongeni, na alikuwa ameandikisha jina lake kwenye mradi wa viwanja wa kanjo, ng'ambo ya barabara ya Outer Ring, bila kumwambia mtu. Kiwanja kilikuja na choo na bomba la maji. Yaliyobaki yalikuwa juu ya mwenyewe: vyumba viwili vyenye paa, kila kimoja kisipungue futi mia na ishirini za mraba, viwe tayari mwisho wa Julai mwaka uliofuata. Usipotimiza, kiwanja kinakwenda kwa jina linalofuata kwenye orodha. Mama aliikunja ile karatasi akaiweka ndani ya Biblia, na kila Jumapili akirudi kanisani aliifungua kuhakikisha jina bado ni lake.

Baba aliisoma mara mbili. "Kiwanja ni chako," alisema. "Nyumba ni yangu."

Mama alikubali. Nani angekataa? Una mume mwashi, utaajiri mwashi wa nani? Wakati huo kazi zilikuwa zimempungukia. Wajenzi wote walikuwa wamehamia kwenye bloki za simiti, na baba aliziita bloki uji uliokaushwa, akisema hawezi kuzishika bila kunawa. Kwa hiyo muda alikuwa nao. Alichana mfuko wa simiti, akachora nyumba kwa penseli ya seremala: vyumba viwili vilivyoshikana, kuta za inchi kumi na nane, na mbele yake veranda ya futi sita.

"Veranda ya nini?" mama aliuliza.

"Nyumba bila veranda ni ghala."

"Na chai ya saa kumi ataleta nani, Baba Kavutha? Wewe?"

Kavutha ni mimi. Nilicheka, nikafukuzwa nje.

Kazi ilianza Aprili na ikaenda kwa mwendo wa konokono. Kila jiwe alilichonga mwenyewe pande tano. Vijana waliokuja kuomba kibarua aliwapa tindo, akawatazama kwa dakika kumi, akawaambia waende wakachunge mbuzi. Kiwanja kilichopakana na chetu kilikuwa kikijengwa na fundi wa bloki, Makokha, kijana wa Bungoma aliyekulia Makongeni na kuongea kama watu wa huko.

"Sasa mzae," Makokha alimwambia siku ya kwanza, "hii ni nyumba ama ni jela unajenga?"

"Jela ni hiyo yako," baba alijibu bila kugeuka. "Tofauti ni kwamba yako itakuangukia kabla kifungo hakijaisha."

Makokha alimaliza vyumba vyake viwili kwa wiki tano. Mpangaji akaingia, akaweka pazia, akazaa mtoto. Baba alikuwa bado kwenye kimo cha dirisha.

Sitadanganya, ukuta wa mbele ulikuwa mzuri. Nimeapa kusema ubaya wake lakini hilo siwezi kulipinda. Mawe yalikaa kana kwamba yalichimbwa yakiwa pamoja. Pembe zilipanda refu kwa fupi, refu kwa fupi, na juu ya kila mlango aliweka jiwe moja zima lililochongwa ukingo. Watu walitoka Donholm siku za Jumapili na watoto wao waliovaa soksi, wakaja kuutazama. Mmoja aliuliza ni kanisa la dhehebu gani. Baba alijifanya hakusikia, ila siku hiyo alikula vizuri.

Mimi nilikuwa nachapa taipu kwenye ofisi ya kampuni ya bima mjini, na jioni nilipitia kiwanjani kumpelekea baba chakula. Nilikuwa nikihesabu miezi kwenye vidole. Mama naye alihesabu. Desemba aliingia katikati ya zile kuta zisizo na paa, akasimama, akanyoosha mikono huku na huku.

"Mbona padogo?"

"Nyumba isiyoezekwa huonekana ndogo," baba alisema. "Hilo kila fundi analijua. Ngoja paa."

Na ni kweli kila fundi husema hivyo. Mpaka leo ukisimama juu ya msingi wa nyumba yako utaambiwa maneno hayohayo, na mara nyingi yatakuwa sawa. Mama akanyamaza. Mimi pia nilinyamaza, na kunyamaza huko bado kunaniuma, kwa sababu shule nilisoma na hesabu nilijua.

Paa lilipanda Juni. Tarehe kumi na saba Julai akaja mkaguzi, Bwana Maingi, mtu mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni. Baba alikuwa amevaa koti. Aliposikia jina ni la kwetu Ukambani alifurahi, akamsalimu kwa Kikamba, akamshika mkono na kumsimamisha mbele ya ukuta.

"Tazama pembe hiyo, mwanangu. Weka jicho hapa chini uangalie juu. Nimejengea Wazungu wenye vyeo vya kwao, wanaoitwa bwana na mabwana wenyewe. Nyumba arobaini na moja. Nenda Limuru, zimesimama."

"Naona, mzee," Bwana Maingi alisema. Aliweka jicho, akatazama juu, akatikisa kichwa kwa heshima. "Kazi kama hii haiko tena. Lakini si unajua, nyumba njema si mlango. Twende ndani."

Aliingia yeye, na mama, na mimi. Baba alibaki kizingitini. Nilidhani anatupisha.

Mkaguzi alinipa ncha ya futi nishikilie ukutani. Akavuta. Akaandika. Akavuta upande wa pili, akaandika tena, kisha akarudia yote mawili kwa sababu aliona labda nimeshikilia vibaya.

"Saba na inchi tisa," alisema, "kwa tisa. Hata sabini haifiki. Inatakiwa mia na ishirini."

"Pima tena," baba alisema kutoka mlangoni.

"Nimepima mara mbili, mzee."

"Futi kumi kwa kumi na mbili! Nimepima mimi mwenyewe, niliyeanza kupima wewe ukiwa bado unanyonya!"

"Umepimia wapi?"

Baba alitoa futi yake ya mbao mfukoni, akaikunjua, akaenda nje. Tulimfuata. Akaanza kwenye pembe ya nje ya ukuta, akaiendesha juu ya yale mawe mazuri mpaka katikati ya nyumba. Kumi kamili. Akazunguka ubavuni, pembe ya nje hadi pembe ya nje. Kumi na mbili kamili. Akasimama wima akiwa ameshinda kesi.

Bwana Maingi alimtazama mama, akanitazama mimi. Alikuwa na adabu, na adabu yake ndiyo iliyoniumiza zaidi.

"Mzee," alisema polepole, "hapo umepima nje."

"Ukuta hupimwa nje."

"Ukuta, ndiyo. Chumba hupimwa ndani. Sisi tunapima pale watu watalala."

Nilimwona baba akiangalia ile futi, kisha ukuta, kisha futi tena. Unene wa inchi kumi na nane, mara kuta zote, alikuwa ameuhesabu kuwa chumba.

Hebu nieleze, maana wengine husikia hadithi hii wakacheka, wakasema baba alikuwa mjinga. Miaka kumi na sita karani wa kampuni alipita na futi upande wa nje wa ukuta, kwa sababu kazi ya mwashi ilipimwa hapo. Vigingi vya msingi alivipiga Bachan. Waashi walipewa kamba na kuambiwa fuateni. Kuta zikifika juu ya madirisha, wanahamishiwa nyumba nyingine, na ndani kunaingia maseremala na watu wa sakafu. Mbao zikishapigwa nta, mwashi akirudi kurekebisha kitu, memsahibu anamwambia asikanyage. Nyumba arobaini na moja, na hakuna hata moja ambayo baba yangu aliwahi kusimama ndani ya chumba kilichokwisha. Alijua nyumba ya setla kwa mgongo wake wa nje. Mimi nawalaani waliomfanya hivyo, mmoja mmoja na fimbo zao. Nilimlaani na yeye pia, siku hiyohiyo, kwa sababu alikuwa na nafasi moja tu ya kujijengea na akaitumia kuwaiga.

"Tuna siku ngapi?" mama aliuliza. Hakumtazama baba.

"Mpaka tarehe thelathini na moja. Sina uwezo wa kuongeza, mama. Jina linalofuata limeshaandikiwa barua, inangoja sahihi tu." Bwana Maingi aliitazama veranda na paa lililoifunika, akapiga hatua zake fupi kutoka ukutani mpaka ukingoni. "Lakini mkiuondoa huu ukuta wa mbele, mkajenga mwembamba hapa veranda inapoishia, kila chumba kitapita mia na ishirini. Hata mkiacha zile kuta nyingine zilivyo."

Akaandika, akatupa nakala, akaenda zake kwa jirani.

"Ukuta huu hauguswi," baba alisema.

"Baba Kavutha."

"Nimesema hauguswi! Aje aguse, huyo mtoto wa kalamu. Aje na wewe umshike mkono." Akaendelea hivyo, akimtukana mkaguzi, kanjo, serikali, bloki, wanawake wanaojiandikisha viwanja kwa siri, na shule iliyonifundisha kushikilia ncha ya futi. Mama alimngoja amalize.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Malizia njiani. Kesho Makokha anakuja na nyundo."

Sikio la kufa halisikii dawa. Asubuhi tulimkuta baba amekaa chini, ameegemeza mgongo ukutani, kofia machoni. Mama alikuwa amemleta Mzee Phares kwa matumaini kwamba mwanamume atamsikiliza mwanamume. Phares alichuchumaa mbele yake.

"Ndugu yangu, hii miaka yote tumesikilizana juu ya ule ukuta wa Mbotela. Wacha mama apate mahali."

"Wewe rudi ukakohoe kwako," baba alimwambia.

Mzee Phares alisimama, akajipangusa magoti, akaenda. Hakuja tena kwetu kwa mwaka mzima, na sikumlaumu.

Makokha alimwangalia baba, akaiangalia nyundo. "Mama, mimi siwezi gonga ukuta na mzae ameegemea. Hiyo ni laana."

"Nipe," mama alisema.

Mama alikuwa mwanamke mdogo wa umbo. Aliishika ile nyundo kubwa kwa mikono miwili, akaenda umbali wa hatua moja kutoka kichwa cha baba, akapiga. Jiwe halikutingishika. Vumbi kidogo tu lilimwangukia baba begani. Akapiga tena. Baba hakusogea. Mara ya tatu nyundo iliteleza ikamrudia mama mguuni, akapiga kelele moja fupi, kisha akainyanyua tena huku machozi yakimtoka, akapiga palepale.

Nilitaka kumshika. Sijui nani kati yao wawili nilitaka kumshika.

Mara ya saba, au ya nane, baba aliinuka. Alijikung'uta suruali, akachukua mfuko wake wa tindo, akaondoka kwa miguu kuelekea Mbotela bila kugeuka. Wote tulimtazama mpaka alipovuka barabara.

Ukuta ulichukua siku tatu kuanguka. Makokha na wenzake wawili walipiga kutwa wakipokezana, na kila wakiondoa jiwe la nje walikuta la ndani limeshikwa na mawe marefu yaliyopita unene wote. Jioni ya siku ya pili Makokha alikaa juu ya kifusi, akatema mate.

"Manze, huyu mzae alijenga," alisema. "Hii kitu ilikuwa ikae mpaka Yesu arudi."

Ukuta wa bloki ulipanda kwa siku nne. Tarehe ishirini na tisa Bwana Maingi alikuja, akapima ndani, akaandika mia na ishirini na nne kwa kila chumba, akapiga muhuri. Mama aliichukua karatasi mpya akaiweka pale palipokuwa na ile ya zamani. Yale mawe ya ukuta wa mbele tuliyarundika kando ya bomba, kwa kuwa hakuna aliyejua la kuyafanyia.

Tulihama Agosti, mama, mimi na wadogo zangu watatu. Baba alikataa. Alibaki peke yake kwenye chumba cha Mbotela na kusema sisi tumehamia kwenye choo cha kanjo. Mama hakumbembeleza. Alimwachia sufuria mbili, kitanda na jiko la makaa.

Septemba baba akaanza kuja, siku za Jumapili, saa ambayo alijua tumetoka kanisani na chakula kiko tayari. Alikuja mpaka kwenye lile rundo la mawe, akasimama. Mara ya kwanza mama alimwita mlangoni, "Ingia." Alisema yuko sawa hapo. Mama akapakua isyo, mahindi na maharagwe ya kwetu, akanituma nimpelekee. Nilimpelekea sahani kwa hasira, nikaiweka juu ya jiwe bila kumwambia karibu. Alikula amesimama, akairudisha mpaka kizingitini, akaiweka chini, akaenda. Jumapili iliyofuata ilikuwa hivyohivyo, na nyingine, na nyingine. Majirani wapya walidhani ni ombaomba tuliyemzoea. Mwanamke mmoja wa pale alinisifu kwa ukarimu wangu, na nilimjibu vibaya sana.

Mvua za Novemba zilimkuta hapohapo. Alifunika sahani kwa kofia, akala chini ya mvua.

Ndipo mama alipokasirika. Nilikuwa sijapata kumwona hivyo, hata ile siku ya nyundo. Jumapili iliyofuata nilishika sahani nitoke nayo, akaninyang'anya, akairudisha mezani kwa kishindo mpaka mchuzi ukamwagika.

"Haitoki," alisema. Akaenda mlangoni, akaufungua wote, akasema kwa sauti ambayo majirani wote waliisikia: "Munyoki! Katika nyumba hii hakuna sahani ya nje. Nimechoka kukulisha kama kibarua. Ukitaka kula, chakula kiko mezani. Usipotaka, Mbotela unaijua njia."

Alimwita jina lake. Sikuwahi kulisikia kinywani mwake.

Baba aliondoka. Jumapili ya pili alikuja, akasimama mpaka tukamaliza kula, akaondoka. Ya tatu vilevile. Sahani yake ilikaa mezani imefunikwa, na jioni mama alimpa mbwa wa jirani chakula hicho. Mimi niliona huo ni ukatili, nikamwambia. Akaniambia ninyamaze, nami nikanyamaza.

Ya nne ilikuwa kabla ya Krismasi. Tulikuwa tumeshakaa tunakula wakati mwanga wa mlangoni ulipozibwa. Baba alikuwa amevua kofia. Alisimama kizingitini muda mrefu akitazama sakafu, kisha akaingia, mguu mmoja halafu mwingine, akashika ukuta kwa mkono kama mtu aliyepanda mashua. Alizunguka chumba kwa macho: dari, dirisha, kitanda cha wadogo zangu, kalenda ya kanisa. Alikuwa na miaka hamsini. Hakuna aliyempisha na hakuna aliyemkaribisha. Alijivutia kibao, akakaa mezani akiwa ameutazama ukuta wa Makokha, na mama akamsukumia sahani.

Hakuigusa. Alikuwa amefumba jicho moja, anaangalia bloki kutoka chini kwenda juu.

"Huu ukuta umepinda," alisema.

"Kula," mama alisema.

Akala. Na ukuta ulikuwa umepinda kweli, hata mimi niliuona.